Mtoto Mchanga Anayeamka Usiku Hahitaji Uji

Juzi tena, hapa kliniki Lamu, mama wa mtoto wa wiki tatu ametoa chupa mkobani: uji wa mchele uliochujwa kwa kitambaa, sukari imetiwa, na chuchu ya chupa imepanuliwa kwa wembe ili uji upite. Kabla sijauliza, mavyaa wake akanijibu: "Sista, huyu halali usiku. Maziwa ya mamake ni maji matupu."

Maneno haya nayasikia kwa mabibi wa Mkomani na kwa wasichana wa Shela wanaoshinda na simu. Nayajibu hapa kwa kirefu kwa sababu yamenichosha, na kwa sababu yanaumiza watoto.

Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa usiku na mchana, lakini kwa vipande vya saa mbili tatu. Hunyonya mara 8 mpaka 12. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, basi lazima aamke. Usiku ndipo homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa, inapopanda zaidi. Anayenyonya saa nane za usiku anaagiza maziwa ya kesho. Sasa mpe uji. Ataruka kunyonya mara moja, pengine mbili, na titi lisilonyonywa hupunguza kazi. Baada ya wiki mavyaa atasema, "Si niliwaambia maziwa hayatoshi?" Hapo ndipo damu inaponichemka, kwa kuwa sasa hayatoshi kweli, na yamepunguzwa na uji.

Wanaosema "wangu nilimpa akalala" nao nisiwadhulumu. Kuna utafiti wa Uingereza wa watoto zaidi ya 1,300, matokeo yake yalitolewa 2018. Walioanzishiwa chakula tangu miezi mitatu huku wakinyonya walilala zaidi kidogo kuliko wenzao. Tofauti ilipokuwa kubwa kabisa, haikuzidi dakika 17 kwa usiku. Kwenye mafunzo ya kliniki hutausikia, lakini mimi nautaja, mama asije akausoma kwingine akadhani tulimficha. Na wale walikuwa wa miezi mitatu, si wa wiki tatu. Kwa dakika 17 unamtilia mtoto mchanga maji ya kisima na chupa isiyochemshwa sawasawa, na kuhara kwa umri ule kunaua. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Maji ya sukari ni yale yale. Asali isimguse mpaka atimize mwaka, huweza kuwa na vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Na dawa ya mafua ya kumlewesha usingizi, msithubutu: yaweza kumzuia kupumua.

Kinachosaidia ni mwanga, na hili hakuna anayeniuliza. Mtoto huzaliwa hajui usiku wala mchana. Mwili wake huanza kupambanua baina ya wiki ya 6 na ya 12. Maziwa ya usiku yana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo mchana karibu haimo. Lakini tazameni arobaini zetu kwenye nyumba za mawe. Mzazi na mtoto wako ndani, chumba cha mwisho kabisa, adhuhuri kama magharibi. Ikishaswaliwa isha wageni wanaingia, taa zote zinawashwa, runinga inasema, kila shangazi ambebe. Atajuaje huyu kwamba sasa ni usiku? Sisemi arobaini ivunjwe. Mzazi kupumzika, kukandwa na kupikiwa ni jambo jema, natamani kila mama alipate. Ila asubuhi, jua halijawa kali, mtoeni mtoto hadi kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba. Mnaoogopa jicho, kiwandani hapiti mtu. Mchana msimnyamazie nyumba. Usiku taa iwe hafifu, asisemeshwe, winda libadilishwe akichafua au likilowa sana, anyonye, alazwe. Hatalala mpaka alfajiri kwa hilo, lakini baada ya kunyonya atarudi usingizini upesi zaidi.

Alazwe chali, kila mara. Marekani ilipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Mto hapana, blanketi zito hapana, na kwenye joto la kaskazi mvueni kofia ya sufu. Ubani ukifukizwa, mtoto atolewe chumbani.

Kulala kitanda kimoja na mama kunanitia shaka. Miongozo mingi yataka alale chumba cha mama, lakini kitanda chake mwenyewe. Nyumba nyingi ninazozijua hazina nafasi hiyo, na mtoto aliye karibu hunyonya vizuri. Siwezi kusema ni salama, wala simgombezi mama. Namwambia godoro liwe gumu, asilale kati ya watu wawili, na asiwepo mvuta sigara wala aliyekunywa dawa ya usingizi.

Usingizi unaonitisha mimi ni ule mrefu. Mtoto wa siku tano anayelala saa sita mfululizo, macho manjano, akiwekwa titini hanyonyi, huyo mleteni hata kama ni kwa mashua usiku. Mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, zisipite saa tatu hajaamshwa kunyonya.

Uzito kwenye kijitabu ukipanda, na baada ya wiki ya kwanza akilowesha mawinda sita au zaidi kwa siku, anashiba. Mavyaa anayetaka kusaidia ampokee mtoto akimaliza kunyonya, amcheulishe, amlaze, mama naye alale.