Uhuru, setilaiti iliyorushwa Malindi ikatufikisha kwenye shimo jeusi
Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei, nayo ikaitwa Uhuru. Kazi yangu ni hizo eksirei za angani, na nikiulizwa kwa nini tunahitaji darubini za kila aina, jibu langu huanzia Malindi.

Eksirei ni mwanga kama huu tunaouona, ila mawimbi yake ni mafupi mno. Angahewa huzinyonya zote zisifike ardhini, kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Na ukirusha ukiwa karibu na ikweta, setilaiti huzunguka ikizikwepa kwa kiasi kikubwa chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia, ambazo zingevuruga vipimo.

Uhuru haikuwa na vioo. Ilihesabu tu miali iliyoingia kwenye masanduku yake ya gesi. Hesabu hizo zilitosha kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kali angani, inapepesa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Hakuna kitu kinachoweza kubadilika chote kwa haraka kuliko mwanga unavyokivuka. Kikibadilika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, basi hakizidi kilomita 30,000 kwa upana. Jua letu lina karibu 1,400,000. Kidogo hivyo, na bado kinawaka vile!

Kilikuwa wapi hasa? Uhuru haikuweza kupabainisha. Mwaka 1971 darubini za redio zikanasa chanzo kipya, kilichojitokeza wakati uleule eksirei za Cygnus X-1 zilipobadilika. Redio ikapaonyesha mahali penyewe: pana nyota ya buluu, HDE 226868.

Ikabaki kupima uzito, na hapo ni mwanga wa kawaida tu uliofaa. Wanaodhani darubini za mwanga huu zimepitwa na wakati wakitazame kisa hiki. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, walichambua mwanga wa nyota hiyo wakakuta inakwenda na kurudi kila siku 5.6, ikivutwa na mwenzake asiyeonekana. Mwendo huo, ukiunganishwa na umbali uliopimwa kwa redio na kutangazwa 2021, unampa mwenzake huyo uzito wa takriban mara 21 ya Jua. Kizito hivyo, kidogo hivyo, na hakionekani: ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kukitoroka. Eksirei zilizohesabiwa na Uhuru zinatoka kwenye gesi inayoporwa kutoka kwa nyota ya buluu, ikizunguka na kufikia joto la mamilioni ya nyuzi kabla ya kutumbukia.