Boila imezeeka: itengenezwe au itolewe?

Oktoba ikiingia, simu nyingi zinazopigwa kwenye dawati letu la ushauri wa nishati hapa Uingereza huwa na swali moja. Fundi amekuja, ameitazama boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba na maji, amesema hii imechoka, nunueni nyingine. Wengi wanaouliza kwa Kiswahili wamekulia kusikohitaji kupasha nyumba moto, na boila kwao ni sanduku jeupe jikoni ambalo hawajawahi kuliona likifunguliwa. Mimi huwauliza: kimeharibika nini hasa?

Boila ya gesi inayofanyiwa sevisi kila mwaka hudumu miaka 10 hadi 15, na zipo zinazovuka hapo. Umri peke yake si ugonjwa. Pampu, feni, au valvu inayogawa maji ya moto kati ya rejeta (mabamba ya ukutani yanayopasha vyumba) na bomba la kuogea, zote ni spea za kubadilishwa, na boila ya miaka 8 haitupwi kwa sababu ya mojawapo. Kibadilisha joto, yaani sehemu inayopitisha joto la mwali kwenye maji, kikitoboka, hesabu inageuka. Ni kati ya spea ghali kuliko zote, na kwenye boila ya miaka 14 simshauri mtu akilipie. Hali kadhalika pale kiwanda kinapokuwa kimeacha kutoa spea za aina hiyo.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Boila za kisasa zina kabomba ka plastiki kanakotoa maji nje ya nyumba. Usiku wa baridi kali maji hayo huganda, boila inagugumia kisha inazima. Mimina maji ya uvuguvugu, yasiyochemka, juu ya bomba hilo pale nje, kisha uiwashe tena.

Majira ya baridi yaliyopita niliingia kwa mzee mmoja, mwenyeji wa Tanga. Boila yake iliyokuwa imekufa ilikuwa na miaka 6 tu, nayo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikufa vilevile. Baada ya shikamoo nikaigusa rejeta ya sebuleni: juu ni ya moto, chini ni ya baridi. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa na kukinga kikombe cheupe cha chai. Yakatoka maji meusi kama wino. Hiyo ni kutu ya rejeta zenyewe. Huwa tope, likazunguka na maji na kuziba vijia vyembamba ndani ya boila. Aliyefunga ile mpya hakuyasafisha mabomba wala hakuweka kichujio cha sumaku cha kunasa kutu. "Kwa hiyo, mwanangu," mzee akaniuliza, "boila haikuwa na kosa?" Haikuwa nalo, na ya tatu ingekwenda njia ile ile.

Itazame pia geji ya presha ya maji. Mfumo ukiwa umepoa, inatakiwa isome kati ya baa 1 na 1.5. Kama kila wiki unaongeza maji, kuna mahali panavuja, au tangi dogo la kupokea maji yanayotanuka limeishiwa hewa. Usizoee kuongeza tu, maana kila maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni ndiyo inayozaa kutu.

Watu huahidiwa kwamba boila mpya itajilipa kwa gesi itakayookoa. Tupige hesabu. Chukua nyumba inayotumia uniti 11,500 za gesi (kilowati-saa, kWh) kwa mwaka. Ukitoka kwenye boila kuukuu yenye ufanisi wa asilimia 70 kwenda ya asilimia 90, unaokoa uniti 2,550 hivi. Uniti ikiwa peni 6, hizo ni pauni 150 kwa mwaka, ilhali boila na ufundi wake mara nyingi huzidi pauni 2,000. Tena, England na Wales zilianza kudai boila zenye ufanisi mkubwa mwaka 2005, kwa hiyo iliyofungwa baada ya hapo itakuokolea pungufu zaidi. Badilisha kwa sababu imeharibika pabaya, na ikifika hapo, ulizia pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani: mwenye nyumba England na Wales anaweza kupata ruzuku ya pauni 7,500.

Jambo moja halina hesabu. Mwali wa gesi ukiwa wa njano badala ya bluu, ukiona masizi karibu na boila, au watu wa nyumbani wakiumwa kichwa na kupata nafuu wakitoka nje, huenda kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua. Zima boila, fungua madirisha, tokeni, na mpige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, usiku au mchana.

Mpangaji hana sababu ya kununua chochote. Kwa sheria ya 1985 huko England, na ya 2016 huko Wales, kupasha nyumba na maji ya moto ni jukumu la mwenye nyumba, na kanuni za 1998 zinamtaka akague vifaa vyake vya gesi kila mwaka na akupe nakala ya cheti. Idai, ndugu yangu, hata kama mnaheshimiana.

Kabla ya kusaini, mwombe fundi kadi yake ya Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi, uigeuze usome nyuma, ndipo palipoandikwa kazi anazoruhusiwa. Kisha tafuta kwenye makadirio yake ya bei mstari wa kusafisha mabomba. Kama haupo, muulize kwa nini.