Kuhifadhi wimbo wa kale maana yake nini? Mfano wa Washaker wa Marekani

Kuhifadhi muziki wa kale ni kuufanya wimbo wa zamani uendelee kuimbika, hata na mtu ambaye hakuwahi kuonana na mtunzi wake wala na yeyote aliyefundishwa na mtunzi huyo. Ufafanuzi huu ni mkali kidogo kuliko ule wa kawaida. Wengi wakisikia uhifadhi huwaza kabati la maktaba na karatasi zilizogeuka rangi. Hayo yanahitajika, lakini daftari ambalo hakuna tena anayelielewa limehifadhi wino tu. Nyimbo za Washaker zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua, kwa sababu wenyewe waliandika kwa bidii ya ajabu, na bado uandishi haukutosha.

Washaker ni dhehebu dogo la Kikristo. Wasomaji wa magharibi ya Kenya wasiwachanganye na Waquaker wa Kaimosi: huko Uingereza walikoanzia, watu waliwaita kwa dhihaka "Waquaker wanaotetemeka", na jina likawaganda, lakini ni kanisa jingine. Kiongozi wao Ann Lee, binti wa mhunzi, alizaliwa Manchester mwaka 1736. Mwaka 1774 alivuka bahari hadi New York na wafuasi wanane, na baadaye wakafanya makazi Niskayuna, karibu na Albany. Alifariki mwaka 1784, lakini katika miongo iliyofuata vijiji vya Washaker vilienea kutoka Maine hadi Ohio na Kentucky. Waliishi kwa mali ya pamoja, wanaume na wanawake wakigawana uongozi, na hakuna aliyeoa wala kuolewa.

Sharti hilo la mwisho linaeleza mengi. Kwa kawaida wimbo hurithiwa mgongoni mwa mama, kabla mtoto hajajua kuuliza maana yake. Mshaker hakuzaliwa Mshaker. Aliingia akiwa mtu mzima aliyeongoka, au akiwa mtoto aliyeletwa na wazazi walioongoka au aliyekabidhiwa kijijini kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumlea, na kila wimbo ilibidi afundishwe. Jamii ya namna hiyo isipojiwekea utaratibu wa kufundisha, nyimbo zake hufa pamoja na wazee wake.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za sauti moja. Hakukuwa na kinanda wala ala yoyote, na hakukuwa na kugawana sauti nne kama kwaya zetu. Mambo hayo yaliingia baadaye sana, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Waumini wa mwanzo mara nyingi waliimba mahadhi yasiyo na maneno, silabi tupu tu, huku miili ikitikisika. Kisha uchezaji huo ukapangwa: mistari ya wanaume upande huu na ya wanawake upande ule, baadaye maandamano na miduara, viganja vikigeuzwa juu kupokea baraka au vikikung'utwa chini kuondoa uovu. Baada ya wahubiri wao kwenda Kentucky na Ohio mwaka 1805, zikaja tenzi ndefu za mafundisho, na kitabu chao cha kwanza cha nyimbo kikachapwa Hancock, Massachusetts, mnamo 1812 na 1813. Kilikuwa na maneno peke yake. Mahadhi yalibaki vichwani mwa watu.

Halafu mwaka 1837 yakaanza mambo huko Niskayuna, ambako wakati huo kuliitwa Watervliet. Wasichana wadogo walipata njozi, na kwa zaidi ya miaka kumi vijiji vyote vikajaa watu waliosema wamepokea ujumbe kutoka kwa Mama Ann (yule Ann Lee), malaika na hata marehemu mashuhuri. Ujumbe mwingi ulikuja kama wimbo. Mshaker hakusema "nimetunga", alisema amepewa. Hizo ndizo nyimbo za zawadi, na kwa kuwa zilihesabiwa kuwa zimetoka mbinguni, kuziacha zipotee lilikuwa kosa la kiroho. Wanakili wakaandika mchana na usiku, mara nyingi wakiongeza mahali, tarehe na jina la aliyepokea. Madaftari ya mkono yaliyosalia ni mamia, na nyimbo zilizomo ni maelfu.

Hapa ndipo anapoingia Isaac Newton Youngs wa kijiji cha New Lebanon, New York, mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Alikuwa fundi saa na fundi cherehani, alijua kazi nyingi za mikono, na alikuwa na tabia ya kutaka kila kitu kipimike. Nota za kawaida zilimsumbua. Zinahitaji mistari mitano iliyochorwa vizuri, zinakula karatasi, na mkulima aliyeongoka jana haziwezi. Washaker wakageukia herufi: a, b, c hadi g, zikiandikwa juu ya maneno, zikipanda na kushuka kidogo kufuata sauti. Umbo la herufi na vijistari vilivyoongezwa vilionyesha kama sauti ni ndefu au fupi. Mwanakwaya wa Tanzania aliyezoea d r m (herufi za do, re, mi) hatashangaa sana, ingawa mifumo hii miwili haina undugu, na ule wa Washaker hutaja majina ya nota zenyewe. Aliyejua kusoma Biblia alikuwa ameshafika nusu ya njia.

Tatizo likawa kwamba kila kijiji kilikuwa na mwandiko wake. Wimbo ukitumwa kwa barua kutoka Ohio hadi Maine, mpokeaji alilazimika kubahatisha. Youngs aliandika mwongozo mfupi wa kanuni za muziki, uliochapwa mwaka 1843, na mwaka 1847 Russel Haskell wa Enfield, Connecticut, akatoa wake uliopanua mambo. Youngs pia alitengeneza kifaa cha kamba na uzito unaobembea ili kijiji kimoja kisiimbe kwa mbio wimbo ambao kingine huuimba taratibu. Ukisoma haya unaona watu wanaojua hasa wanachojaribu kufanya: kuutuma wimbo mbali bila kumtuma mwimbaji.

Walifanikiwa kwa kiasi. Herufi zinatuambia sauti ipi ifuate ipi. Hazituambii sauti iteleze vipi kutoka nota moja hadi nyingine, pumzi ivutwe wapi, wala mkono ufanye nini wakati neno fulani linatamkwa. Waliokuwepo hawakuhitaji kuandikiwa hayo.

Tuuchukue wimbo unaojulikana kuliko wote, "Simple Gifts". Unahusishwa na Mzee Joseph Brackett wa Alfred, Maine, mwaka 1848. Ni wimbo mfupi wa ngoma ya haraka, na maneno yake ya mwisho, yanayosema kwamba tutageuka na kugeuka mpaka tukae sawa, ni maelekezo ya mwili pia: mwimbaji alikuwa anageuka kweli. Kwa karibu miaka mia moja ulibaki miongoni mwa Washaker. Mwaka 1940 mtafiti Edward Deming Andrews akauchapa katika kitabu chake, mtunzi wa muziki Aaron Copland akauona humo, akautia katika muziki wa dansi ya jukwaani wa "Appalachian Spring", ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1944 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Dansi hiyo inahusu bwana na bibi harusi katika nyumba yao mpya huko mashambani Pennsylvania. Yaani wimbo wa watu wasiooa ukawa wimbo wa arusi, katika eneo ambalo halikuwa na kijiji chao. Mwaka 1963 Mwingereza Sydney Carter akayavika mahadhi hayo maneno mengine kabisa, na leo kuna waumini wengi wanaoamini kwamba hayo ndiyo maneno yake ya asili.

Je, Copland aliuhifadhi au aliuharibu? Nasema aliusambaza, na hilo ni jambo la tatu. Bila yeye watu wachache mno wangeujua. Lakini anayetaka kujua Brackett aliimba nini hawezi kuanzia kwa okestra.

Anaweza kuanzia kwa Dada Mildred Barker. Alizaliwa mwaka 1897, akapelekwa kijiji cha Alfred mwaka 1903 akiwa mtoto. Brackett alikuwa amefariki mwaka 1882, hivyo wazee waliomlea walikuwa wa kijiji kilekile kilichomjua. Alijifunza nyimbo kwao kwa sikio, akazibeba kichwani Alfred ilipofungwa mwaka 1931 na waliobaki kuhamia Sabbathday Lake, Maine. Mtafiti Daniel Patterson alipokuwa akikusanya nyimbo za kitabu chake kikubwa cha mwaka 1979, alikuwa na madaftari upande mmoja na sauti ya mama huyu upande wa pili, na kila upande ulisahihisha mwingine. Santuri ya Dada Mildred na wenzake wa Sabbathday Lake ilitoka mwaka 1976, na mwaka 1983 akapewa tuzo ya taifa ya wasanii wa jadi. Aliwahi kusema kwa uchungu kwamba anahofia kukumbukwa kama kiti, kwa jinsi watu walivyopenda fanicha za Washaker kuliko imani yao. Alifariki mwaka 1990. Sabbathday Lake ipo hadi leo, idadi ya waumini wake ikihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kundi la Boston Camerata lilipotaka kurekodi nyimbo hizi miaka ya 1990 lilikwenda kuimba pamoja nao, jambo lililokuwa la busara.

Madaftari yametawanyika: mengi yako Cleveland katika jumba la Western Reserve Historical Society, mengine katika makumbusho ya Winterthur, chuo cha Hamilton College na Maktaba ya Bunge. Kurasa nyingi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, kwa hiyo mtu aliye Mwanza anaweza kuzisoma bila nauli. Upande wa haki ni mwepesi ukitenganisha vitu. Wimbo wa 1848 hauna mwenye hakimiliki. Sauti iliyotolewa kwenye santuri ya mwaka 1976 inaye, na maneno ya Carter vilevile.

Swali gumu ni la nyimbo ambazo kushirikisha kunaweza kupingana na kuhifadhi. Katika miaka ile ya njozi, baadhi ya waumini waliimba kwa lugha zisizojulikana, na wengine waliamini wameingiwa na roho za Wahindi Wekundu au Waafrika, wakaimba kwa silabi walizodhani ni za watu hao. Mnakili aliandika alichosikia. Ni sehemu ya historia yao, tena kubwa, na kuzing'oa kurasa hizo kungekuwa udanganyifu. Kuzipandisha jukwaani leo kama burudani ni jambo jingine. Mimi ningeziacha wazi kwa kila msomaji, zikiwa na maelezo ya zilikotoka, na nisingezipangia kwaya.