Chini ya ardhi hakuna bahari ya lava

Jana tena mtu kanitumia ule mchoro wa dunia iliyokatwa kati, ganda jembamba juu, chini kote kunachemka uji mwekundu, na maneno "volkano ni tundu tu la kutokea uji". Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naandika hapa.

Chini ya ganda ni mwamba jamani. Koti la dunia, yaani tabaka lililo chini ya ganda, linashuka mpaka kama kilomita 2,900 na karibu lote ni jiwe, la moto sana ndio, linajongea taratibu kwa mamilioni ya miaka, ila jiwe. Tetemeko likipiga linatoa mawimbi, na yale yanayotikisa kwa upande, mawimbi ya S, hayapiti kabisa kwenye kimiminika, lakini kwenye koti yanapita vizuri tu. Yanagota kwenye kiini cha nje, chuma kilichoyeyuka, na hicho sicho kinacholisha volkano.

Sasa jiwe linayeyukaje? Kila mtu anasema joto limezidi. Mara nyingi hapana, joto lilikuwepo siku zote, kinachozuia ni mgandamizo. Mabamba, yale mapande makubwa ya tabaka gumu la juu la dunia, yakiachana jiwe linapanda, mgandamizo unapungua, sehemu yake ndogo inayeyuka bila kuongezewa hata digrii moja, ndio Iceland hiyo. Bamba la bahari likizama chini ya jingine ni habari ya maji, yanakamuliwa kutoka bamba linalozama, yanapenya mwamba wa juu yake na huo unaanza kuyeyuka kwenye joto ambalo ukiwa mkavu ungelivumilia. Ndio volkano nyingi za kuzunguka Pasifiki.

Aina zake napita haraka. Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini, ukitoka nje unaitwa lava, na silika ni madini yale yale ya mchanga na kioo. Silika kidogo, magma ni majimaji, gesi inatoka kirahisi, lava inaenda mbali na unapata volkano ngao, pana yenye mteremko wa taratibu, kama Mauna Loa ya Hawaii. Silika nyingi, magma inanata, gesi inanaswa humo, na tarehe 18 Mei 1980 Mount St. Helens ya Marekani ikapoteza karibu mita 400 za kilele chake, watu 57 wakafa. Chukua lile jiwe la volkano la kijivu lenye matundu, pumisi, jepesi mpaka linaelea majini, uliangalie kwa karibu: kila kitundu ni povu la gesi lililogandia hapo. Povu hilo ndilo linalopasua mlima.

Ila visanduku hivi vya vitabuni vinavuja. Nyiragongo ya Kongo ina umbo la mlima wenye miteremko mikali lakini lava yake ni majimaji kweli, mwaka 1977 ilishuka haraka kuliko mtu anavyokimbia. Ol Doinyo Lengai wa Tanzania nao umechongoka, halafu unatoa lava ya kaboneti (madini ya jamii ya magadi, si silika), nyeusi, nyuzi 500 na kitu tu, ikikaa inageuka nyeupe, utaiweka kundi gani? Hata chemba ya magma, pale magma inapokaa chini ya volkano, tunayoichora kama tangi, wengi wetu tunaosoma volkano sasa tunaona mara nyingi ni rundo la fuwele lenye magma kidogo katikati ya chembe, na nini hasa kinaifanya magma hiyo ijikusanye upesi mpaka ilipuke, bado tunabishana.