Utafiti wa watumiaji kampasi: yenye tunaambiana na venye mambo yako

Ukiskia klabu ya kampasi hapa Nairobi ikisema "tulifanya risachi", mara nyingi ni fomu ya Google imerushwa kwa grupu la WhatsApp la klasi, watu kadhaa wakajibu, nusu yao marafiki. Hiyo ndio dhana kubwa, ati kuuliza watu wanataka nini ndio utafiti wa watumiaji, yaani kujua watu wanatumiaje sistimu ama bango lenu.

Ukweli ni kwamba mtu husema hivi na kufanya vile, so unampa komredi kazi kwa simu yake mwenyewe, "jaribu kubuku hosteli, na useme kwa sauti chenye unafikiria", alafu unanyamaza. Kunyamaza ndio kazi. Utaona akifika kwa namba ya usajili kibodi inafunguka ya tarakimu peke yake, haina mkwaju (/), na namba yake iko na mikwaju miwili, anajaribu kuikopi kutoka kwa meseji, inakataa, anakuangalia ni kama yeye ndio mjinga. Kwa fomu angeandika tu "sistimu ni mbaya".

Ati lazima upate watu mia? Zii. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanaweza kufichua karibu asilimia 85 ya shida za utumiaji, na ukiwa na 15 ni heri uwagawe raundi tatu, unarekebisha kila baada ya raundi. Lakini watu wameipindua hii sana: hao 5 ni wa kundi moja, na ni wa kutafuta shida, si wa kutangaza "asilimia 60 ya wanafunzi wanapenda". Fastiya (wa mwaka wa kwanza) wa hosteli, mtu wa klasi za jioni anayetoka kazini tao na mwenye haoni anayetumia kisoma skrini (programu ya kumsomea simu kwa sauti) hawawezi kuwa kundi moja, na wewe kuwa mwanafunzi hakukufanyi uwajue.

Kampeni nazo watu hudhani ni bango lenye rangi tu. Mwonyeshe mtu bango sekunde 5, ulifiche, muulize anatakiwa aende wapi na lini. Wengi watakumbuka logo ya klabu.

Na hii ya "ni wenzetu tu, hakuna haja ya ruhusa", wacha kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijasamehe wanafunzi: eleza unarekodi nini na ya nini, akubali, na aweze kujitoa. Fastiya wengine bado wako na miaka 17, hao sheria inataka mzazi au mlezi akubali.