Tanga juu haimaanishi bahari ni yako

Kila kusi ikishika na yoti za wageni zikaanza kujazana mbele ya Mji Mkongwe na kule Ghuba ya Msasani, lazima nitakutana na mtu wa kuniambia kwa kujiamini kabisa kwamba "sisi tuko kwa tanga, wao ndio watupishe". Juzi nimeisikia tena, na safari hii si mgeni, ni kijana wa Dar mwenye cheti chake kizuri tu cha uskipa, na aliisema huku meli ya mizigo inatoka pale Magogoni na rubani wa bandari yuko juu yake. "Kapteni, si sisi ni tanga?" Nimechoka jamani. Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena nitakuwa natuma linki.

Kanuni za kuzuia migongano baharini, zile za mwaka 1972, kweli zinasema chombo cha injini kimpishe chombo cha tanga. Iko kwenye Kanuni ya 18 na hakuna anayebisha. Tatizo ni kwamba watu wanakariri katikati ya kanuni na kuruka mwanzo wake, na mwanzo wake unasema haya yote yanafuata baada ya Kanuni ya 9, ya 10 (ile ya njia za meli zilizogawanywa, za kwenda na za kurudi) na ya 13. Yaani kabla hujafika kwenye tanga kuna milango mitatu ya kupita, na hapa kwetu miwili kati ya hiyo mitatu unaipita karibu kila safari.

Kanuni ya 9 ni ya njia nyembamba. Chombo cha chini ya mita 20, au chombo chochote cha tanga, kisimzuie aliye na uwezo wa kupita salama ndani ya njia hiyo tu. Mlango wa bandari ya Dar ni njia nyembamba. Kilindini vilevile. Meli iliyopakia ikitoka pale haina pa kukwepea, pembeni kuna miamba, na haisimami kwa sababu umeinua tanga, hata nahodha wake akitaka. Halafu pale Dar pantoni za Kigamboni zinakatiza mlangoni kutwa nzima, Mombasa zipo za Likoni, kwa hiyo hiyo meli ina mambo mengine ya kuangalia zaidi yako. Kaa nje ya njia, pita pembeni kwenye maji yako, wewe unaelea kwenye mita mbili bwana! Sioni cha kujadili hapo.

Kanuni ya 13, anayempita mwenzake ndiye anayempisha. Ukimjia mtu kutokea zaidi ya nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu wake wewe ndiye unampita, basi, kwa tanga au kwa injini. Kusi ya Julai ikikupiga nyuma, yoti ya futi 40 inatembea noti saba, yaani maili saba za baharini kwa saa, bila shida, na mbele yako kuna jahazi limejaa mbao na saruji linasukumwa na injini ndogo, noti nne. Yeye ana injini, wewe una tanga, na bado wewe ndiye wa kumpisha mpaka umpite na umwache nyuma kabisa.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote, maana hili nalikuta kwa watu wenye vyeti, wenye vitabu, wenye skrini tatu mbele ya usukani. Injini ikiwa inasukuma, wewe si chombo cha tanga. Haijalishi tanga kuu liko juu, haijalishi la mbele limejaa upepo, haijalishi umetumia shilingi ngapi kununua hayo matanga. Propela inazunguka na inasukuma, wewe ni chombo cha injini na unapisha kama chombo cha injini. Mchana unatakiwa utundike koni nyeusi mbele, ncha ikiangalia chini, ili mwenzako ajue. Nani anaitundika? Kwenye huu mkondo wetu wa Dar na Unguja siioni, na nikipanda kwenye yoti nikauliza iko wapi naonyeshwa ndani ya kabati chini ya makoti ya mvua, bado iko kwenye nailoni yake. Na kurudi Dar wakati wa kusi karibu kila mtu anawasha injini, kwa sababu Dar iko kusini ya mji wa Unguja, upepo unakuja kusini-mashariki, mkondo wa maji unapanda kaskazini, kwenda bisho, yaani kupanda upepo kwa kukata huku na huku, ni kutwa nzima na zaidi, kwa hiyo watu wanafunga la mbele, wanaacha kuu wima litulize boti, wanasukuma dizeli. Hapo ndipo mtu anamkatia mwenye ngalawa mbele ya omo yake, yaani pua ya chombo, akiamini wote ni tanga na yeye ana upepo wa upande mzuri. Yule wa ngalawa hasikii injini yako kwenye upepo ule. Anaona tanga, anakupimia kama tanga, na wewe huendi kama tanga, unaelekea moja kwa moja upepo unakotoka, kitu ambacho chombo cha tanga hakiwezi. Umemdanganya mtu ambaye maisha yake yapo kwenye ubao wa mwembe.

Boti za kasi za abiria nazo. Kwa kanuni zinakupisha ukiwa kwa tanga la kweli, na manahodha wake kwa ninavyowaona wanajua kazi yao. Lakini piga hesabu. Noti 30 ni maili moja kila dakika mbili. Ukiiona iko maili nne na inakuja kwako una dakika nane hivi, na katika hizo dakika nane wewe kwa noti tano husogei hata maili moja kamili. Chukua dira ya mkono, pima boti iko nyuzi ngapi, subiri kidogo, ipime tena. Nyuzi hazibadiliki na boti inakua, mnakutana. Zikibadilika kidogo usifurahi mapema, kanuni yenyewe inaonya kwamba kwa chombo kikubwa au cha karibu nyuzi zinaweza kubadilika na hatari bado ipo. Na kama wewe ndiye wa kupishwa, shika njia yako na mwendo wako. Hilo nalo ni sharti, Kanuni ya 17, siyo ombi. Kuna watu wanapishwa halafu wanaingiwa na woga, wanageuka kushoto, wanarudi, wanapunguza tanga, yule wa kule ameshageuza ili apite nyuma yako na wewe umemfuata hukohuko.

Hapa vitabu vinakwenda haraka sana na mimi sikubali kwenda nao. Sharti la kushika njia linaanza pale hatari ya kugongana inapoanza, kabla ya hapo kila mtu yuko huru kugeuka atakavyo. Sasa inaanzia maili ngapi? Hakuna namba. Inaisha lini, yaani lini uache kusubiri na ujiokoe mwenyewe? Kanuni inasema ni pale inapodhihirika kwamba mwenzako hachukui hatua, na kudhihirika kwa mwenye yoti si sawa na kudhihirika kwa aliye juu ya daraja la meli. Nimebishana na wenzangu wenye uzoefu kuliko mimi na hatujaafikiana. Mimi kwa boti ya kasi nafanya uamuzi ikiwa bado mbali, maili tatu na zaidi, nageuka kwa wazi aone ubavu wangu, kisha sigusi kitu. Wengine wanasema nawahi mno na namchanganya. Inawezekana, ila sijapata hoja ya kunibadilisha.

Haya, ngalawa. Ikiwa ngalawa kwa tanga na yoti kwa tanga, Kanuni ya 18 haina kazi tena, mnaingia ya 12: upepo ukiwapiga pande tofauti, anayepigwa kushoto anampisha anayepigwa kulia, na mkipigwa upande mmoja aliye upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, anampisha aliye chini yake. Chukua kusi, yoti inapanda kutoka Dar kwenda mjini Unguja, upepo uko nyuma kulia. Ngalawa inatoka pwani ya Unguja kuelekea magharibi kuvua, upepo uko nyuma kushoto. Kwa karatasi, ngalawa ndiyo ya kupisha. Kweli kabisa, na nimesikia skipa akiikazia hiyo kweli huku anatazama wanaume wawili wanahangaika.

Tazama wanachofanya ili wageuke. Mmoja analegeza demani, kamba ya kuvutia tanga, mwenzake anakwenda mbele akishikilia foromali, ule mti unaobeba tanga, aivushe mbele ya mlingoti, tanga linapigapiga hovyo, ngalawa inapoteza mwendo na inayumba kwenye mawimbi, kisha demani inavutwa upande wa pili na aliyekuwa amekaa kwenye ubao wa nje anahamia upande mwingine. Upepo ukiwa nyuma na ukakosea hatua moja hapo, foromali inampiga mtu kichwa au inavunjika. Wewe kwenye yoti unageuza usukani nyuzi kumi kwa kidole. Ndiyo maana mimi nageuka mapema, nikiwa bado kwenye ule uhuru niliosema, kabla hatari haijaanza na kabla sharti la kushika njia halijanibana. Sivunji kanuni, na wale hawaguswi.

Na ikiwa inavua, basi hata tanga lako halina neno, chombo cha tanga kinampisha anayevua. Ila kanuni zinahesabu kuvua kwa nyavu, mishipi au zana zinazomfanya ashindwe kugeuka vizuri, ile mishipi ya kukokota nyuma haimo. Aliyetupa jarife, ule wavu mkubwa, yuko wazi. Anayekokota mshipi mmoja wa nguru hayumo. Na yule aliyelegea na mkondo akiwa na mishipi ya mkono chini, watu wanne kila mmoja na wake? Utamsikia huyu anasema anavua, huyu anasema anaelea tu. Mpishe, pita nyuma yake, na angalia madumu ya njano yanayoelea, kwa sababu jarife linaweza kwenda mbali sana na chombo chenyewe na likikamata propela yako siku imeharibika kwa wote wawili, yeye zaidi, wavu ndio mtaji wake.

Halafu msiniambie "kwenye AIS palikuwa hapana kitu", ile mitambo ya redio inayoonyesha vyombo vingine kwenye skrini. Ngalawa haina AIS, dau halina, na ubao mbichi rada inauona vibaya hasa bahari ikichafuka. Macho. Kanuni ya 5 inaanza na macho na masikio.

Usiku nimalizie haraka. Siku za giza, mbalamwezi ikiwa haipo, wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao na mkondo unawaka upande mzima wa Unguja, mwanga mkali kiasi kwamba nyekundu na kijani za aliye nyuma yake huzioni kabisa. Na kabla hujalalamika kwamba "hawa hawana taa za sheria", chombo cha tanga cha chini ya mita saba kisichoweza kuweka zile taa kinaruhusiwa kuwa na tochi au taa ya mkono na kuionyesha mapema ya kutosha kuzuia mgongano. Kwa hiyo mtu akikumulikia tochi mbele, amefanya alichotakiwa, anakuambia yupo. Jibu ni kugeuka. Usimpigie redio chaneli 16, hana, na usimmulike usoni na taa yako kubwa ukampofua.

Kama ni mara yako ya kwanza wala usiingie usiku. Dar hadi mjini Unguja ni maili 40 hivi, ukitembea noti sita ondoka saa 12 asubuhi, mchana saa 7 uko pale, jua liko juu na mafungu ya Chumbe na Bawe unayaona kwa rangi ya maji. Angalia kama ni bamvua kabla ya kutia nanga, maji yanapwa karibu mita nne, na acha nafasi boti izunguke, maana majirani zako nao watazunguka.