Baada ya mshtuko wa moyo, kitanda si dawa

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mzee akirudi kutoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo hutandikiwa godoro sebuleni na kukatazwa hata kujichotea maji ya kuoga, kwa imani kwamba moyo uliojeruhiwa utapasuka akijishughulisha. Madaktari wenyewe waliwahi kuamini hivyo na kuwalaza wagonjwa kwa wiki nyingi, hadi mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walipoeleza kwamba wagonjwa waliokalishwa kitini mapema waliendelea vizuri. Kulala muda mrefu hudhoofisha misuli na huweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu, na bonge hilo likifika mapafuni huweza kuua.

Daktari akisharuhusu, mzee aanze kwa kutembea hadi getini na kurudi, asubuhi kabla jua halijawa kali, akiongeza hatua kidogo kidogo kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza bila kuhema. Kifua kikibana, asimame na apelekwe hospitali mara moja. Hofu na huzuni huwapata wengi katika miezi inayofuata mshtuko, jambo ambalo familia nyingi hazilioni, kwa hiyo ni vyema mwanawe atembee naye, amsikilize, na ahakikishe kwamba dawa hazikatizwi hata mzee anapojisikia amepona.